Umeniuliza kuhusu taa

Mwanangu Zainabu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yako, ambaye alinyamaza kitambo kisha akasema, "Mjibu mtoto, lakini usimletee habari za lile daftari." Umeuliza jambo la kisheria, kama inavyomfaa mtu anayesomea sheria London: je, ni halali wewe kufuatana na mwenzako wa Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, hadi ukumbini tarehe 27 Novemba, kuwasha taa kwa ajili ya mjomba wake aliyekufa akiwa mpiganaji wa Tamil Tigers, kundi lililopigana na serikali ya Sri Lanka likidai nchi ya Watamil, ilhali Uingereza ililipiga marufuku kundi hilo tangu mwaka 2001? Walimu wako wanayajua hayo kuliko mimi. Ninachofahamu ni kwamba sheria ya ugaidi ya mwaka 2000 humwandama anayebeba bendera au alama ya kuliunga mkono kundi kama hilo, na taa ya mafuta si bendera. Hilo likutoshe. Mimi nina jambo jingine la kukujibu, na mama yako anisamehe, kwa kuwa halisemeki bila daftari.

Unalijua: lile la jalada la kahawia lililo juu ya kabati, ambalo ulilichorea samaki ulipokuwa na miaka sita ukapata kofi, kofi la pekee nililowahi kukupiga, nami sijapata kukueleza sababu yake.

Septemba 2008 nilikuwa mtunza ghala wa shirika moja la misaada katika mji wa Kilinochchi, kaskazini mwa Sri Lanka, serikali ilipoamuru wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya kigeni watoke katika eneo lililokuwa mikononi mwa Tigers, kwa madai kwamba haiwezi tena kuwahakikishia usalama. Watu walikuja wakaketi chini kwenye malango ya ofisi, wanawake wakiwa na watoto mapajani, wakituomba tusiondoke, kwa sababu walifahamu kwamba wageni wakishaondoka hapatabaki mtu wa kushuhudia. Karani wangu, Mtamil ambaye sote tulimwita Anna, yaani kaka, alikataa kupokea funguo mpaka tuhesabu magunia. Tulihesabu mchele, dengu na sukari, tukahesabu tena, akanikosoa saba yangu moja iliyofanana na moja, akaikata kwa mstari katikati kama alivyozikata saba zake zote, kisha akanipa kalamu nitie sahihi. Yeye hakuwa na njia ya kutoka, kwa kuwa Tigers hawakuwapa wenyeji na jamaa zao ruhusa ya kuondoka. Alibaki na nakala, nami nikapewa daftari nilipeleke Colombo, ambako hakuna aliyeliulizia hata siku moja.

Langoni aliniuliza, "Mtarudi lini?" Nikamwambia, baada ya wiki mbili. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema wiki mbili, Zainabu. Ilinitoka tu, kama mtu anavyomwambia mtoto kwamba sindano haiumi.

Yaliyofuata utayasoma katika vitabu vyako. Jeshi liliutwaa mji Januari 2009, watu wakasukumwa kuelekea pwani ya mashariki, katika maeneo ambayo serikali yenyewe iliyatangaza kuwa ni ya usalama kisha yakapigwa mizinga, hospitali zikiwemo, mpaka wakafika ukanda mwembamba wa mchanga uitwao Mullivaikkal, ambako vita viliisha tarehe 18 Mei. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba huenda raia waliouawa katika miezi hiyo ya mwisho wanafikia 40,000. Lakini mimi ni mtu wa ghala, na kinachonikosesha usingizi ni hesabu nyingine: Februari serikali ilidai kwamba waliobaki ndani ni kama 70,000, na chakula hutumwa kwa idadi ya vichwa, ilhali waliotoka wakiwa hai na kuwekwa makambini walikaribia 290,000. Anayepunguza idadi ya walio hai ameshaanza kuwaficha watakaokufa.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Maiti hana chama. Nimekuwa nikiyasema maneno hayo tangu ami yako Saidi alipopotea na jahazi, tukamsalia ghaibu na kumsomea hitima bila maiti, na bibi yako akawa anamwekea sahani ya futari kila Ramadhani hadi alipofariki. Hakuna polisi aliyekuja Pangani kumwuliza anamlilia nani. Wenzetu Watamil kule huchemsha mchele kwa maji na chumvi kila Mei, kwa kuwa uji huo ndio waliokuwa nao Mullivaikkal, wakaugawa njiani kwa wapitao; na Mei 2024, huko Sampur, polisi waliwakamata watu kwa uji huo. Mnara wa kumbukumbu katika Chuo Kikuu cha Jaffna ulibomolewa usiku wa tarehe 8 Januari 2021, kisha wanafunzi wakagoma kula mpaka chuo kikakubali kuujenga upya. Makaburi ya wapiganaji wa Tigers yalisawazishwa na jeshi kwa matingatinga. Wakati huohuo chama cha JVP, cha mrengo wa kushoto na cha Wasinhala walio wengi nchini, kilichoasi kwa silaha mwaka 1971 na tena mwishoni mwa miaka ya 1980, huwakumbuka wafu wake kila Novemba bila bughudha, na kiongozi wake ndiye rais tangu 2024. Siwaonei wivu kwa hilo, wana haki. Ila nauliza kwa nini haki hiyo ilikomea kwao.

Nadhani sababu ni kwamba kuwataja wafu mmoja mmoja ndiko kufungua kesi yenyewe. Sajini mmoja alihukumiwa kifo mwaka 2015 kwa kuwaua Watamil wanane huko Mirusuvil, watoto wakiwamo. Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu mwaka 2019. Machi 2020 rais akamsamehe, akaenda zake nyumbani. Kesi moja iliyofika mwisho, na huo ndio mwisho wake! Na huko Chemmani, karibu na Jaffna, mwaka 2025 yamefukuliwa mabaki ya zaidi ya watu 200, pamoja na mkoba wa shule.

Lakini hebu nijipinge mwenyewe, kwa sababu wewe utanipinga. Nilifika pia Puttalam, pwani ya magharibi, nikaketi na Waislamu waliofukuzwa kaskazini yote na Tigers Oktoba 1990, watu wasiopungua 70,000, wale wa mjini Jaffna wakipewa saa mbili tu. Mzee mmoja alinionyesha ufunguo wa nyumba yake, akaniuliza ni nani atakayewawashia taa waliouawa na Tigers ndani ya misikiti ya Kattankudy wakati wa swala mwezi Agosti mwaka ule. Sikuwa na jibu. Tigers hao hao waliwaandikisha watoto vitani kwa nguvu, na mwishoni waliwapiga risasi Watamil wenzao waliojaribu kukimbia. Je, mjomba wa mwenzako alikuwa wapi Oktoba ile? Alikuwa mtoto aliyetwaliwa, au mtu aliyewatwaa wengine? Maiti hana chama, nakubali, lakini alipokuwa hai alikuwa nacho, na mzee wa Puttalam hawezi kuambiwa asahau ili taa ya mwingine iwake vizuri. Naandika haya nikiona kwamba msemo wangu umepwaya kidogo, na bado siuachi.

Kwa hiyo usitake nikuambie uende au usiende. Hukumu hiyo naizuia, ingawa kinywa kinaniwasha, na mama yako anasema imekwisha kuonekana.

Ila ukienda, kaa karibu na watu wazima waliotoka Kilinochchi, uwaulize taratibu kama yupo aliyemjua karani wa ghala la misaada karibu na barabara ya A9, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akizikata saba zake katikati. Nimekutumia picha ya ukurasa wa mwisho. Samaki wako yupo pembeni. Hapo chini ndipo zilipo sahihi zetu, yake na yangu.

Baba yako,
Tanga