Wavu wa kuchomea nyama ukishika kutu, usikimbilie kuutupa

Mara ya kwanza kuondoa kutu kwenye wavu wangu niliusugua mpaka ukang'aa, nikauosha na kuuegemeza ukutani ujikaukie. Asubuhi niliukuta umerudia rangi ya chungwa. Chuma kikishavuliwa kutu kinabaki uchi, na tone la maji tu linatosha kuianzisha upya.

Kwanza angalia wavu wako ni wa aina gani. Kama umepakwa kromu au enameli na inabanduka, huo achana nao, maana vipande vitaishia kwenye nyama. Uliopakwa zinki pia usichomee kitu. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Wa chuma kitupu unaokoleka.

Kutu nyepesi hutoka kwa chumvi na limau. Iliyoganda inataka siki nyeupe. Laza wavu kwenye beseni la plastiki, mimina siki mpaka uzame wote. Baada ya muda utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye vyuma, na siki inaanza kufanana na chai ya rangi. Pita kila baada ya saa moja uukwaruze, uutoe kutu ikishalegea. Wa kwangu mmoja niliusahau humo siku mbili, ukatoka na vishimo visivyozibika, kwa sababu siki ikimaliza kutu hugeukia chuma chenyewe. Na tafadhali, usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: hewa inayotoka hapo ni sumu kali.

Ukitumia brashi ya waya, futa wavu kwa kitambaa kibichi kisha uukague kwenye mwanga. Nyuzi zake hukatika, na uzi mmoja ukimezwa pamoja na chakula unaweza kumpeleka mtu hospitali.

Osha kwa sabuni, suuza, halafu weka wavu juu ya moto papo hapo ukauke. Ungali na joto, upake mafuta ya kupikia, kisha uyafute kama vile hukutaka kuyapaka. Ukizidisha, yatanata. Uache kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa saa moja. Mafuta hugeuka utando mgumu unaozuia maji. Mimi hurudia mara tatu.

Kila ukimaliza kuchoma, zoa majivu, yanavuta unyevu. Na jiko usilifunike likiwa bado na joto, mvuke utanaswa humo ndani usiku kucha.