Maswali kwa Fundi: Hita Inapuliza Baridi

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Naendesha Land Cruiser ya zamani, injini 1HZ, napeleka wageni Ngorongoro. Alfajiri hita inatoa vuguvugu tu, na tukianza kushuka kreta hata hilo linaisha. Geji ya joto inakaa chini muda wote. Nimeshauriwa kubadilisha rejeta ndogo ya hita, na kazi yenyewe ni kushusha dashibodi. Nikubali?
*Dereva, Sakina, Arusha*

JIBU: Usikubali bado, kaka. Geji inayokaa chini inasema kwamba injini yenyewe ni ya baridi, na hita haina joto lake: inaazima la injini. Jambo la kwanza kuhakikisha ni kama gari lako bado lina themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto.

Tunasema hivyo kwa sababu magari mengi ya zamani hapa kwetu hayana. Gari lilichemsha siku moja mlimani, themostati ikatolewa ili maji yapite bila kizuizi, gasketi ikarudishwa na gari likaondoka. Tangu siku hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta kubwa hata injini ikiwa haijapata moto. Dizeli ikiwa kwenye sailensa (inanguruma tu gari likiwa limesimama) inatoa joto kidogo, na ukishuka kreta kwa gia bila kukanyaga mafuta joto linapungua hata kuliko hapo. Ndiyo maana wageni wako wanaganda pale hasa. Hasara haiishii kwenye baridi: injini isiyofika joto lake inakula mafuta zaidi na inalika haraka.

Kupima hakuhitaji kifaa. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa na uiache ikipata moto. Kila dakika mbili gusa sehemu ya chini ya rejeta kubwa, mkono ukiwa mbali na feni na mkanda. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, rejeta itabaki baridi kwa muda mrefu, kisha joto litaingia kwa ghafla. Ikiwa rejeta inapanda joto polepole sambamba na injini, basi themostati haipo, au ipo na imekwama wazi.

Kisha fuata hozi mbili nyembamba zinazoingia kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi. Weka kidhibiti cha hita kwenye joto kamili, injini iwe imepata moto, uziguse kwa mgongo wa kidole. Zote mbili vuguvugu: ni injini, rudi kwenye themostati. Moja ya moto sana na nyingine baridi: maji hayapiti, ama koki ya hita (inayofungua na kufunga njia ya maji) haifunguki ama rejeta ndogo imeziba. Itazame koki kwanza. Mtu mmoja asogeze kidhibiti ndani ya gari, wewe angalia kama kebo inavuta mkono wa koki mpaka mwisho. Mara nyingi klipu ya kebo imechomoka tu. Na zote mbili zikiwa za moto lakini upepo ni baridi, tatizo liko ndani ya dashibodi, kwenye kile kibao kinachoelekeza hewa.

Ukinunua themostati, soma namba iliyogongwa juu yake. Ni nyuzi joto inapoanza kufunguka: 76, 82 au 88. Chukua ile ya injini yako, na uipime kabla ya kuifunga. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka na kipima joto, washa jiko. Ya 82 inatakiwa ianze kuachia karibu na 82, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka kiasi cha unene wa kalamu ya risasi. Angalizo kwa walio Arusha: kwa mwinuko wa karibu mita 1,400 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ya 88 haitafunguka yote kwenye sufuria yako, kwa hiyo usiitupe ukidhani ni mbovu. Ikiwa ina kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza, kifunge kikiwa juu, maana ndipo hewa inapotokea.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Themostati ilitolewa kwa sababu gari lilichemsha, na sababu ile huenda bado ipo. Ukiirudisha bila kuitafuta, gari litachemsha tena ukipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Kagua mapezi ya rejeta kama yamejaa vumbi na nyasi, kagua feni kama inavuta kwa nguvu injini ikiwa ya moto, na kagua kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho watu wanakidharau. Ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 92. Kifuniko kizima cha presha ya 0.9 kinayasogeza mpaka karibu 114. Mpira wake ukiwa umepasuka, badilisha. Tena, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Aliyeitoa ili gari lisichemshe anaweza kuwa amelisaidia kuchemsha.

Ukimaliza, toa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia za maji. Egesha pua ya gari ikitazama juu ya mlima, hita kwenye joto kamili, kifuniko wazi, washa injini ikiwa bado baridi. Binyabinya hozi ya juu, ongeza kulanti (maji ya kupoozea injini) kila inaposhuka mpaka mapovu yaishe na hozi za hita ziwe za moto, kisha funga. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Na paa lako la kufunguka kwa ajili ya wageni, kagua mpira wake. Hita nzima haiwezi kushindana na upepo wa alfajiri unaoingia juu.

SWALI: Shikamooni. Nina Corolla ya zamani. Nikiwasha hita kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta mafuta, ndani kuna harufu tamu, na zulia upande wa abiria limelowa. Wengine wanasema ni maji ya AC.
*Mama wa watoto watatu, Soweto, Moshi*

JIBU: Marahaba, dada. Maji ya AC hayana harufu wala hayatelezi kwenye vidole. Hiyo ni kulanti, na rejeta ndogo ya hita inavuja. Usiache watoto wakae juu ya zulia hilo, na usiionje: ni sumu, na utamu wake unawavutia hata mbwa.

Kwa muda, fundi achomoe hozi mbili za hita upande wa injini na aziunganishe kwa kipande kimoja cha hozi ya maji ya moto, chenye kipenyo sawa na cha zamani na klipu mbili za kukaza. Ajaze kulanti na kutoa upepo. Utaendesha bila hita, lakini injini itakuwa salama mpaka upate rejeta nyingine. Kataa unga wa kuziba na yai bichi. Mirija ya hita ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa, ndiyo itakayoziba kwanza.

SWALI: Nikipiga resi hita inatoa moto, nikiacha kwenye sailensa inapoa. Kwa nini?
*Msomaji, Usa River*

JIBU: Maji yamepungua. Jaza injini ikiwa baridi, toa upepo, kisha angalia kiwango kila asubuhi kwa wiki moja. Kikishuka bila uvujaji unaoonekana, na mapovu hayaishi kifuniko kikiwa wazi, mwambie fundi apime gasketi ya hedi. Kiwango kisiposhuka na hali ikabaki ileile, huenda pampu ya maji imelika.

SWALI: Feni ya hita inazunguka namba 4 tu. Namba 1 mpaka 3 kimya.
*Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Rezista ya feni imeungua, namba 4 hupita pembeni yake ndiyo maana inafanya kazi. Usiunge waya moja kwa moja. Rezista hupoozwa na upepo wa feni, kwa hiyo kabla ya kufunga mpya shusha feni uisafishe. Kwa gari linalolala chini ya mjakaranda, utakuta maua na majani makavu yamejaa ndani.