Haditopu isiyo na nguzo ya katikati: jibu la mtu aliyeimiliki miaka sita

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kwa nini magari ya siku hizi hayatengenezwi tena bila nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, na kama uichukue ile haditopu (gari la paa la chuma lisilo na nguzo hiyo) ya zamani uliyoonyeshwa Lanet. Wengi hapo juu wamekujibu "chukua, hayo ndiyo magari, haya ya sasa ni mikebe." Mimi nilikuwa nayo moja hapa Nakuru kwa miaka sita. Nakujibu kama mtu aliyelowa ndani yake.

Langu lilikuwa la Kijapani, milango minne, silinda sita, namba ya KAB. Chapa sitaitaja, maana nikiitaja uzi utageuka wa ushabiki na swali lako litasahaulika. Ukishusha vioo vyote vinne, ubavu mzima ulibaki wazi kuanzia kioo cha mbele hadi nguzo ya nyuma. Katikati palisalia kinguzo kifupi kinachokomea usawa wa kiwiko, kinachobeba bawaba za mlango wa nyuma na kupokea loki ya mlango wa mbele. Mkanda wa dereva, kwa kukosa nguzo, ulining'inia kutoka kwenye paa. Jumapili jioni, Kenyatta Avenue, vioo chini, wanangu nyuma wamenyoosha mikono nje na mama yao anawafokea. Sijawahi kumiliki kitu kingine kilichowafanya wazee wasimame kando ya barabara na kuniuliza nimekitoa wapi.

Kabla sijaendelea, tuweke sawa jina, kwa sababu naona watu wawili hapo juu wanachanganya. Mlango ambao kioo chake hakina fremu si lazima uwe wa haditopu. Subaru Legacy na Impreza zilizojaa mjini, zile za kabla ya 2007 au 2009 hivi, zina vioo visivyo na fremu, lakini fungua milango yote miwili utaona nguzo imesimama hapo kama askari. Wajapani wenyewe walikuwa na aina mbili. Toyota Crown na Mark II nyingi za miaka ya 80 zilizoitwa haditopu zilikuwa na nguzo nyembamba iliyofichwa nyuma ya vioo. Lakini Carina ED ya 1985, na Nissan Laurel ya 1989, hizo hazikuwa nayo kabisa. Laurel iliyofuata, ya 1993, ikarudishiwa nguzo. Kwa hiyo la kwanza ukifika Lanet, shusha vioo vya upande mmoja, kisha upitishe mkono. Mkono ukigonga chuma, bei ishuke.

Mtindo wenyewe ni wa Marekani. Mwaka wa 1949 General Motors walileta Buick Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile Holiday: sura ya gari la kufunua paa, ila paa lenyewe ni la chuma na halifunuki. Watu walitaka madaha ya gari la wazi bila kunyeshewa. Mwaka wa 1955 Buick na Oldsmobile wakaongeza za milango minne, na wengine wakafuata mbio. Jambo ambalo wapenzi wa zamani hawalisemi ni kwamba magari mengi ya aina hiyo yalikaa juu ya chasisi nzito ya peke yake. Ukiwa na chasisi kama ya lori chini, paa halina kazi kubwa. Yetu mengi ya Kijapani ya miaka ya 80 hayakuwa na chasisi hiyo. Bodi ndiyo mifupa. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Desemba moja tulikuwa tunaenda Kisumu kwa wakwe. Tumeshapita Mau Summit, tunashuka kuelekea Kericho, gurudumu la nyuma kushoto likapata pancha. Nikaegesha kando, nikaweka jiwe, nikapiga jeki chini ya ubavu. Mama watoto akafungua mlango wa nyuma upande uleule amtoe mdogo aliyekuwa amelala (najua, watoto hutolewa kwanza, msinianze). Mlango ukafunguka kwa kukwaruza. Kuufunga ukakataa. Loki ilikuwa inagonga chuma karibu upana wa kidole chini ya pale inapopaswa kuingia. Nikausukuma kwa nyonga, ukarudi. Nikausukuma tena, ukarudi. Tukabadilisha gurudumu mlango ukiwa wazi, mvua ya Kericho imeshaanza kunukia. Nilipolegeza jeki na gari likakaa chini, nikaugusa mlango kwa kidole kimoja. Tap. Umefunga.

Nilisimama pale na spana ya gurudumu mkononi kama mtu aliyeona jini. Gari lilikuwa limepinda, halafu likajinyoosha mbele ya macho yangu.

Tuliporudi nikampelekea fundi wangu wa bodi wa mtaa wa Shabab, mzee ambaye sote tunamwita Guka. Hakushangaa. Alilala chini ya gari na bisibisi, akaanza kugonga ile boksi ya chuma inayopita chini ya milango. Mbele ikalia ting. Nyuma ting. Katikati, chini kabisa ya kinguzo kifupi, ikalia tup.

"Hapa si chuma, kijana. Hapa ni pati."

Akakwangua. Rangi ikatoka, pati ile ya kuzibia mashimo ikatoka vipande vipande kama ganda la muhogo, na nyuma yake kulikuwa na gazeti lililokunjwa. Gazeti! Fundi fulani zamani alikuta chuma kimeliwa na kutu, akajaza karatasi, akapaka pati, akapiga rangi, na gari likauzwa likiwa linang'aa. Mimi ndiye niliyelipa kwa kung'aa huko.

Ndipo Guka akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Nguzo ya katikati ndiyo inayoshona paa na sakafu. Ukiitoa, paa linashikwa mbele na nyuma tu, na kazi kubwa ya kuzuia gari lisipinde inaangukia hizo boksi mbili za chini ya milango. Toa nguzo ya katikati ya kibanda cha mabati Kaptembwo, kibanda hakitaanguka siku hiyo. Kitaanza kucheza kidogo kidogo, na siku moja utakuta dirisha halifungi. Kwenye sedani ya kawaida kutu ya chini ya mlango ni aibu. Kwenye haditopu ni ugonjwa wa mifupa.

Kupinda huko ndiko kunakoleta na mambo mengine yote mnayolalamikia, maji na upepo. Kioo kisicho na fremu hujibana dhidi ya mpira wa ukingoni mwa paa, na kile cha nyuma hukutana na cha mbele kwa ukanda mwembamba wa mpira uliosimama wima. Bodi ikicheza milimita tatu, mipira hiyo haikutani tena. Ukienda kasi, hewa inayopita nje huvuta kioo kwa nje, nafasi inapanuka, na gari linaanza kupiga mluzi. Langu lilianza kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwenye 100 ilikuwa kama birika la chai. Barabara ya vumbi ya kupandia Mau Narok ilinijazia unga wa kahawia kwenye dashibodi. Na mvua ilikuwa na mahali pake maalum: tone moja, baada ya tone lingine, juu ya paja langu la kulia, suruali ya kanisani. Mipira mipya ya gari lile haikupatikana Nakuru wala Kirinyaga Road kule Nairobi. Niliishia kununua ya kukata kwa mita na kumlipa kijana mmoja siku mbili za kurekebisha vioo. Unafungua ngozi ya mlango, unalegeza boliti za reli, unasogeza kioo ndani kidogo, unafunga, unajaribu, unarudia. Kazi ya fundi saa, si ya nguvu.

Sasa kwa nini viwanda viliacha. Jibu la haraka mnalolipenda ni "serikali ilikataza." Haikukataza. Marekani waliweka sheria ya uimara wa paa iliyoanza kutumika kwa magari madogo Septemba 1973: paa libanwe kwa mzigo wa mara 1.5 ya uzito wa gari, lisizame zaidi ya sentimita 13 hivi. Haditopu iliyojengwa vizuri iliweza kupita. Ila viwanda vilihofia kuwa vipimo vikali zaidi vinakuja, na wakati huohuo wanunuzi walikuwa wameanza kulipia kiyoyozi. Anayefunga vioo mwaka mzima nguzo inamkera nini? Za milango minne za Marekani ziliishia na Chrysler za 1978. Wajapani walishikilia hadi miaka ya 90. Na hofu ile haikuwa ya bure, maana mwaka wa 2009 kipimo cha Marekani kilipandishwa kutoka mara 1.5 hadi mara 3 kwa magari mengi.

Mwaka huohuo taasisi ya bima ya huko inayopima usalama wa barabarani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kama kilomita 64 kwa saa. Video ipo, itafute. Bel Air ile ilikuwa sedani yenye nguzo zake zote, wala si haditopu, na bado sehemu ya dereva ilikunjika kama bati la sigara. Sanamu la majaribio lililoketi kwenye Malibu lilionyesha jeraha la mguu tu. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema "chuma cha zamani kilikuwa kinene": unene haukusaidia. Kinachosaidia ni chuma kujua kikunjike wapi na kikatae wapi, na nguzo ya katikati ya leo, iliyopigwa umbo ikiwa moto mpaka ikawa ngumu kupita kawaida, ndiyo iliyopewa kazi ya kukataa.

Lakini siwezi kuyasifia haya ya sasa kwa kila kitu, hapo nitakuwa mwongo. Nina kigari cha kisasa sasa. Nguzo zake za kando ya kioo cha mbele ni nene kama paja. Mwaka jana, kwenye raundabauti, niliangalia kulia, hapakuwa na kitu, nikaanza kuingia, na bodaboda yenye abiria wawili ikatokea kutoka ndani ya ile nguzo. Ilikuwa imejificha hapo muda wote, inazunguka kwa kasi ileile niliyokuwa nasogea nayo. Nilikanyaga breki, yule wa boda akaniambia maneno ambayo msimamizi wa jukwaa ataondoa. Kwenye haditopu yangu, yenye nguzo nyembamba za mbele, ningemwona tangu mbali. Nguzo inakulinda gari likishabiringika, na inakufichia kinachoweza kulibiringisha. Tangu siku hiyo naingia raundabauti huku nikisogeza kichwa mbele na nyuma kama kuku, na sioni aibu.

Na madirisha yenyewe! Ubavu wa mlango umepanda hadi begani, kioo kimebaki kama mwanya wa sanduku la kura. Mwanangu wa mwisho haoni nje akiketi nyuma. Sababu zake nazielewa: milango inapaswa kustahimili kugongwa ubavuni, na boneti nazo zimeinuliwa kumpunguzia madhara anayetembea kwa miguu. Ila ukimpeleka mtoto kuona kreta ya Menengai na anaona plastiki, kuna kitu umekosa.

Kwa hiyo, ununue? Kama ndilo gari lako la pekee, la kupitia barabara ya Salgaa usiku na familia nyuma, hapana. Nakwambia kama baba. Kama una lingine la kazi, na hili ni la Jumapili na harusi, basi tazama hivi. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe ubavuni chini ya milango yote. Ikikataa kushika, hapo pana pati. Chomeka noti ya mia kati ya kioo na mpira, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kubishana, mpira umekufa. Fanya hivyo kila baada ya shubiri moja, pembe zote. Halafu mwombe mwenyewe akuruhusu kupiga jeki nyuma, gurudumu liinuke, ufungue mlango wa nyuma na kuufunga. Akikataa, umeshapata jibu. Na kumbuka kwamba gari zaidi ya miaka 8 haliingizwi tena nchini, kwa hiyo spea za bodi utakazopata ni za kung'oa kwa mwenzako aliyekata tamaa.

Langu nilimuuzia jamaa wa Kisumu baada ya Guka kuchomelea boksi zote mbili upya kwa chuma cha kweli. Nilimwonyesha hadi picha ya gazeti. Huko hakuna baridi ya Timboroa wala vumbi la Mau Narok, na anashusha vioo vyote mwaka mzima, kwa hiyo mluzi hausikii.

Ukienda tena Lanet, nitumie ujumbe siku mbili kabla. Jeki ninayo, na sumaku nitaazima kwa Guka.