Maswali na Majibu: Bakteria hamwagi dawa ovyo

Bakteria wa udongoni wanaotupatia dawa, huwa wanaitengeneza muda wote? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, na laiti tungekuwa na nidhamu yao. Mchukue Streptomyces griseus, aliyetupa streptomaisini mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey. Aliyeipata kwa mikono yake ni mwanafunzi, Albert Schatz, na Nobeli ya 1952 ilimpita hivihivi. Hilo nitalisema kila nikipata upenyo.

Bakteria huyu akiwa mchanga hutambaza nyuzi zake, anakula, anakua. Jeni za streptomaisini anazo tangu mwanzo, ila hazisomwi. Protini iitwayo ArpA imekalia mlango wa jeni ya adpA, na ArpA isipoondoka hakuna kinachoendelea. Wakati huohuo nyuzi zinatoa kidogokidogo kemikali iitwayo A-fakta, ambayo Warusi waliigundua mwaka 1967. Inajilimbikiza kadiri nyuzi zinavyoongezeka. Ikifikia kiwango fulani, nacho ni kiduchu mno, inaing'ang'ania ArpA mpaka ArpA inabanduka mlangoni. Hapo adpA inasomwa, protini yake inaamsha jeni nyingine, strR, na protini ya strR ndiyo inayoamsha jeni za kutengeneza dawa yenyewe.

Foleni yote hiyo kabla ya tone la kwanza. Sisi tunaingia duka la dawa na kuomba "amoksilini ya buku", bila cheti, bila kupimwa, na muuzaji anatukatia vidonge kwa mkasi.

Antibiotiki inatibu mafua? (Wasomaji wanane, mwezi huu pekee)

Haitibu. Mafua ni virusi.

Kama dawa hiyo inaua bakteria, mbona haimuui anayeitengeneza? (Mwalimu wa biolojia, Kisumu)

Swali zuri, Mwalimu. Jirani kabisa na strR kuna jeni ya kinga, na zote mbili huamshwa kwa swichi ileile. Kimeng'enya cha jeni hiyo kinaibandika streptomaisini fosfati, nayo inakuwa butu. Dawa inasafirishwa ikiwa imefungwa hivyo, na ikifika nje fosfati inaondolewa. Waambie wanafunzi wako pia kwamba jeni za kinga za namna hii huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Usugu tunaopambana nao wodini haukuanzia hospitali. Sisi tumeulea tu.

Nimepanda Streptomyces coelicolor kwa mradi wa mwaka wa tatu. Wameota vizuri, lakini rangi ya buluu haitoki. Nimewapa glukosi ya kutosha na bafa ya fosfati ili pH isiyumbe. Je, nimeuziwa bakteria wabovu? (Mwanafunzi)

Bakteria wako ni wazima. Wameshiba.

Ile buluu ni antibiotiki yao, na glukosi nyingi inazima jeni za dawa. Fosfati nyingi nayo inazizima, tena wewe umezitia zote mbili, kisha unamlaumu aliyekuuzia. Udongoni dawa hutoka chakula kinapopungua: nyuzi za zamani zinaanza kujila ili kulisha spora zinazochipuka juu, na virutubisho vinavyovuja huvuta majirani wadokozi. Wengi wetu tunaamini hapo ndipo silaha inapohitajika. Mwenye ghala limejaa hana haraka hiyo.

Tumia agari (jeli ya kuoteshea) ya manitoli na unga wa soya, halafu acha kuifunua sahani kila saa. Kwanza utaona makoloni yana vumbi jeupe, baadaye kijivu. Igeuze sahani uitazame kwa chini: buluu inaanza kuvujia kwenye agari, kama wino uliomwagikia karatasi. Ndiyo aktinorodini. Ukitia tone la asidi itageuka nyekundu, kwa hiyo usiniandikie tena kwamba umepata aina mpya. Ile harufu ya udongo ulionyeshewa utakapofungua kifuniko ni ya bakteria haohao.

Jambo moja la kuandika kwenye ripoti yako: jenomu (orodha nzima ya jeni) ya kiumbe huyu ilipochapishwa mwaka 2002 ilionyesha makundi zaidi ya 20 ya jeni za kutengeneza kemikali za aina hii, mengi yakiwa hayajawahi kuonekana yakifanya kazi maabara. Anayesema antibiotiki mpya zimekwisha huko ardhini hajatafuta swichi.

Nasikia mtindi una dawa yake ya asili. Basi hata maziwa mabichi yakiganda ni salama? (Mama wa watoto watatu, Iringa)

Nusu ya kwanza ni kweli, dada yangu. Baadhi ya Lactococcus lactis wanaogandisha maziwa hutoa nisini, mnyororo mfupi wa asidi amino 34. Kinachonifurahisha ni kwamba nisini yenyewe ndiyo inayobonyeza swichi: ikigusa protini ya NisK kwenye ngozi ya bakteria, NisK inaipasha habari protini nyingine, NisR, na NisR inawasha jeni za kutengeneza nisini zaidi. Mmoja akianza, jirani zake wanafuata.

Nusu ya pili itakulaza kitandani. Nisini peke yake haimwezi bakteria mwenye utando wa nje, na brusela wa maziwa mabichi ni mmoja wao. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo ugandishe.

Kama udongo una dawa zote hizo, ule wa kula wanaouza sokoni unatibu? (Msomaji, Tanga)

Hautibu. Una mchanga, mara nyingine na mayai ya minyoo na madini ya risasi. Kama ni mjamzito na roho inautamani, kapime damu.