Pumzi Ipo, Kisigino Kimegoma: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mbio na Baiskeli Baada ya Miaka 40

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa miaka 40 hadi 55 walioanza mazoezi mwaka huu. Tumechagua tano. Ya kwanza, ukiisoma vizuri, ugonjwa wake ni mmoja: moyo umetangulia, miguu imebaki nyuma.

Swali: Mimi ni mwalimu, nina miaka 47, naishi Morogoro. Nimejiunga na kikundi cha jogging cha mtaani. Kila Jumamosi tunakwenda kilomita 8 hadi 10. Wiki tatu za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Wiki ya nne kano ya kisigino cha kulia ikaanza kuuma nikishuka kitandani. Nikitembea inalegea, nikikimbia naivumilia, kesho yake inazidi. Nipumzike kabisa?

Pole sana, Mwalimu. Usipumzike kabisa, wala usiendelee kama ulivyokuwa. Moyo na mapafu hujifunza upesi: wiki tatu au nne zinatosha mtu kuona tofauti akipanda ngazi. Kano haiko hivyo. Inapata damu kidogo na nyuzi zake hujengeka kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, aghalabu kati ya wiki ya tatu na ya nane, ambapo pumzi inakuruhusu mwendo ambao kano bado haiumudu. Tena kukaa siku sita bila kukimbia, kisha kumaliza kilomita 10 kwa mkupuo Jumamosi, ni mzigo mzito kwa kano ya mtu yeyote.

Kano isipobebeshwa kitu inazidi kudhoofika, ndiyo maana mapumziko matupu hayaponyi. Tafuta ngazi imara yenye pa kushika. Simama kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia nje ya ukingo. Panda juu kwa miguu yote miwili. Ukiwa juu, hamishia uzito wote kwenye mguu wa kulia, kisha shusha kisigino taratibu, ukihesabu moja hadi nne, mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Rudi juu kwa kusaidiwa na mguu wa kushoto. Hiyo ni moja. Fanya 15, pumzika dakika moja, urudie hadi itimie mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka. Halafu mitatu mingine goti likiwa limekunjwa kidogo, maana msuli wa ndani wa kigimbi hubeba zaidi goti likikunjwa. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12.

Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu zoezi lenyewe linauma. Maumivu ya kadiri si tatizo, mradi asubuhi inayofuata yasiwe yamezidi ya jana. Zoezi likiacha kuuma, vaa begi mgongoni lenye vitabu vya kilo 5, baadaye 10. Kwanza lakini, ibonyeze kano kwa vidole viwili. Ikiuma sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, fuata maelezo hayo. Ikiuma chini kabisa, pale inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya usawa: fanyia sakafuni.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaulizwi. Kama hivi karibuni ulimeza ciprofloxacin, ambayo watu huinunua duka la dawa kama njugu kwa ajili ya tumbo au mkojo, mweleze daktari. Dawa za kundi hilo zinaweza kudhoofisha kano, hata kuikata, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi (dawa za kupunguza uvimbe mwilini). Ukisikia kitu kimekupiga ghafla nyuma ya mguu kama fimbo na ukashindwa kusimama kwa vidole, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wakati kano inajengeka, linda pumzi kwa baiskeli, dakika 40 mara tatu kwa wiki, tambarare. Maumivu ya asubuhi yakipungua, rudi barabarani siku tatu kwa wiki zenye nafasi ya siku moja katikati. Tembea kwa haraka dakika 5. Kisha kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Baada ya wiki mbili, kimbia 2, tembea 2, mara 6. Kisha 3 kwa 1 mara 6, kisha 5 kwa 1 mara 4, kila hatua wiki mbili. Kisigino kikikasirika, rudi hatua moja, usirudi mwanzo.

Na kikundi usikiache. Mchakamchaka ndio kipimo bora cha mwendo kuliko saa yoyote: kiongozi akianzisha wimbo, nawe ukaweza kuitikia mstari mzima bila kumeza maneno, mwendo wako ni sahihi. Ukibaki kupiga makofi tu huku wenzako wakiimba, umezidisha.

Swali: Nina miaka 52, nipo Tabata. Natumia amlodipine na atenolol kwa ajili ya presha. Saa ya mkononi inaonyesha mapigo 98 hata nikiwa natweta kilimani. Je, niongeze bidii?

Hapana, Mama. Atenolol kazi yake ni kuushika moyo usiende mbio, kwa hiyo ile hesabu ya 220 ukitoa umri haikuhusu. Ukiifuata utajisukuma mpaka uanguke huku saa ikikwambia bado. Tumia pumzi: ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni mzuri; ukiweza maneno mawili matatu tu, punguza.

Pima presha asubuhi ya mazoezi baada ya kukaa kimya dakika 5. Namba ya juu ikifika 180, au ya chini ikifika 110, siku hiyo usifanye mazoezi. Onana na daktari. Usiruke dozi ili ujisikie mwepesi: kuacha atenolol ghafla ni hatari kwa moyo. Amlodipine nayo hutanua mishipa, hivyo ukisimama ghafla baada ya kukimbia, damu inabaki miguuni na kichwa kinazunguka. Malizia kila zoezi kwa kutembea dakika 10, usiegemee nguzo wala kukaa kwenye gari papo hapo. Baiskeli itakufaa sana, lakini usiipande mlima kwa gia ngumu huku umebana pumzi. Kubana pumzi hupandisha presha mara moja.

Kubanwa kifua, maumivu yanayopanda taya au bega la kushoto, moyo kurukaruka, au giza machoni: acha hapohapo, na usisubiri kesho kwenda hospitali.

Swali: Nina miaka 44, Mwanza. Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nakwenda nayo kazini kilomita 9. Goti linauma mbele, chini ya pia, na viganja vinakufa ganzi. Fundi amesema ni uzee.

Si uzee, kaka. Ni siti. Goti linalouma mbele mara nyingi maana yake siti iko chini mno: goti linakunjwa sana kila pedeli inapopita juu, na pia ya goti inasagwa kwenye mfupa wa paja. Goti likiuma nyuma, siti iko juu mno.

Vua viatu, simama ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu kati ya mapaja, kipandishe hadi kigote mfupa, kikiwa sambamba na sakafu. Mtu mwingine aweke alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi alama, zidisha kwa 0.88. Kama ni sentimita 80, jibu ni 70.4. Hicho ndicho kipimo kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, pale mikono ya pedeli inaposhikana na fremu, hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Hakikisha kwa njia ya pili: ukiwa umekaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Kama siti ilikuwa chini sana, ipandishe nusu sentimita kila baada ya siku tatu nne. Bomba la siti lina mstari wa mwisho uliochorwa. Usiupitishe nje ya fremu, bomba litavunjika ukiwa barabarani. Ukipata kipimo, zungushia bomba utepe, ili fundi akiishusha siku nyingine ujue pa kurudi.

Ganzi ya viganja: tazama siti kwa ubavu. Pua yake ikiwa imeinama mbele, unateleza na mikono inabeba mwili. Iweke iwe bapa, ukitumia pima maji ya fundi ujenzi au hata chupa ya maji iliyolazwa. Kisha angalia upepo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa mtu wa kilo 80 kwenye tairi pana za inchi 26, psi 40 hivi zinatosha. Tairi ngumu kama jiwe huleta kila shimo hadi kiganjani.

Mwanza ina vilima, na hapo ndipo magoti yanapoharibikia. Hesabu mara ngapi goti la kulia linapanda juu kwa sekunde 15: kati ya 18 na 22 ni sawa, yaani mizunguko 72 hadi 88 kwa dakika. Chini ya 15, gia ni ngumu mno, na unapaswa kuibadilisha kabla mlima haujaanza, si katikati; katikati cheni ina mzigo na itaruka. Cheni yenyewe ipime kwa rula. Hatua 24 kutoka pini hadi pini ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikifika 306 au 307, ibadili, maana cheni iliyorefuka inakula meno ya gia, na gia ni ghali kuliko cheni.

La mwisho kwa mtumba: baiskeli zilizotoka Japani au Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia, zilizotoka Ujerumani au Uholanzi iko kushoto. Hakikisha yako kabla ya kuteremka. Kwenye mteremko wenye mchanga, mtu anayebana ya mbele kwa kudhani ni ya nyuma anaruka juu ya usukani.

Swali: Raba za mitumba zinafaa kukimbilia?

Baadhi. Bonyeza soli ya katikati, ile laini, kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ubavuni, imekufa hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande mmoja, iache. Sehemu ya nyuma inayoshika kisigino, kinyume na soli, isikunjike kirahisi ukiibinya. Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800 hivi, kwa hiyo andika tarehe uliyoanza kuitumia.

Swali: Nina miaka 50, nakimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki bila shida. Nataka nusu marathoni ya Moshi mwishoni mwa Februari. Nina wiki 16. Inawezekana?

Inawezekana, dada, ukiacha wazo la kukimbia kila siku. Mbio zibaki siku tatu: mbili za kilomita 5 hadi 7, na moja ndefu. Ndefu ianze 6, iongezeke kilomita 1 hadi 1.5 kwa wiki, na kila wiki ya nne ipungue kwa theluthi. Wiki ya 14 utafika 18. Wiki ya 15 kilomita 10 tu, na wiki ya mwisho dakika 20 mara mbili. Watu huharibu kazi ya miezi mitatu kwa kujipima kilomita 21 wiki moja kabla.

Siku mbili za baiskeli ndizo zitakujengea moyo bila kuumiza magoti. Moja dakika 90 kwa mwendo unaokuwezesha kuongea. Nyingine: dakika 15 za kupasha, kisha dakika 4 kwa nguvu ambazo huwezi kusema zaidi ya maneno matatu, dakika 3 polepole, mara 4.

Njia ya nusu marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka kisha hushuka. Kupanda kunatisha, lakini kushuka ndiko kunakopasua mapaja, kwa sababu msuli unafunga breki huku ukinyooshwa. Kuanzia wiki ya 8, tafuta mteremko wa mita 300, uushuke mara 4 kwa hatua fupi za haraka, goti likiwa limelegea. Utaumwa siku mbili baada ya mara ya kwanza. Mara ya tatu hutaumwa hivyo.

Kuhusu maji, jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukikuta umeongezeka uzito, ulikunywa kupita kiasi, na hilo ni baya zaidi, kwani chumvi ya damu inashuka. Kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kijaribu kwenye mbio ndefu za Jumapili miezi miwili kabla, ili tumbo likizoee kabla ya Moshi.