Nondo tatu za upande wa kulia

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni fupi: "Je, kuna kazi ya mikono yako uliyowahi kuijutia?" Nimelisoma nikiwa nimekalia ndoo ya rangi hapa karakana, Gerezani, nasubiri umeme urudi. Ninayo moja. Na ajabu yake ni kwamba sehemu ninayoijutia siyo ile niliyoiharibu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nafanya mageti, ngazi za chuma, vizimba vya maduka, na zaidi ya yote grili za madirisha. Ukipita Kisutu, Mtendeni, Upanga mpaka Kariakoo ukainua macho, kuna kazi yangu nyingi juu ya kichwa chako. Mteja wa grili hana maneno mengi. Anauliza bei, anauliza lini, kisha anauliza lile lililomleta: "Fundi, mwizi hapiti?" Miaka yote nimekuwa nikijibu kwa kujidai: "Mama, hapa hata paka ataomba ruhusa."

Grili yenyewe niliifunga Kisutu, ghorofa ya tatu, kwa bibi mmoja anayeishi na mjukuu wake. Kama umekulia mjini unayajua majengo ya aina ile: yamejengwa kabla ya Uhuru, maduka chini, nyumba juu, ngazi moja tu katikati, na roshani za kupungia upepo. Waliojenga walikuwa na akili ya joto la Dar. Madirisha mapana, hewa inaingia huku inatokea kule. Mengi ya majengo hayo yalitaifishwa mwaka 1971, wapangaji wakaja na kuondoka, familia zikaongezeka, roshani moja baada ya nyingine ikazibwa ikawa chumba. Kisha wakaja wezi wa kupanda kwa mabomba ya maji machafu, na nyuma ya wezi tukaja sisi mafundi.

Kwa bibi wezi walitokea paa la jirani, wakaondoka na televisheni na cherehani. Televisheni hakuizungumzia hata mara moja. Cherehani aliililia. Akaniambia, "Mwanangu, nifungie hata jua lipige hodi."

Nikafunga. Fremu ya flatibaa, yaani chuma bapa, nondo za milimita 12 zimesimama wima, inchi nne kutoka moja hadi nyingine, miguu ya fremu nimeichimbia ukutani inchi nne na kuizibia zege. Sikuweka bawaba wala kufuli, maana kufuli huvunjwa. Roshani hivyo hivyo, madirisha yote hivyo hivyo. Kazi ya siku mbili. Dirisha la nyuma lilikuwa la mwisho, na jioni ya siku ya pili vijiti vya kuchomelea vikaniishia nimebakiza nondo tatu za upande wa kulia. Juu nilikuwa nimezichomelea sawasawa. Chini nilikuwa nimezipiga doti tu, mbili kila moja, za kuzishikilia zisicheze. Nikasema nitarudi kesho kumalizia. Nikapaka rangi juu yake, nikachukua hela yangu, na kesho ya fundi mnaijua wenyewe.

Ikapita miaka miwili. Mchana mmoja nikapigiwa simu na kijana wa duka la chini: "Fundi, njoo na grainda, fanya haraka, kwa bibi kunaungua." Sikuuliza swali. Nikapakia grainda kubwa, ile ya kukatia chuma yenye diski ya inchi tisa, kwenye bodaboda tukaondoka. Gerezani na Kisutu si mbali, lakini saa nane mchana mji umefunga. Yule bodaboda alipita vichochoro ambavyo mimi niliyezaliwa hapa sikujua kama vipo.

Moto ulikuwa chini ya ngazi. Pale ndipo wenye maduka walikuwa wakiweka maboksi, na juu ya maboksi, ukutani, ndipo zilipokaa mita za umeme za jengo zima, nyaya zimeungwa na kuungwa tena kila mpangaji alipoongeza kiyoyozi. Moto wenyewe haukuwa wa kutisha sana ukiuona kwa mlangoni. Moshi ndio uliotisha. Ngazi ya katikati iligeuka dohani. Ule moshi mweusi wa plastiki ulipanda moja kwa moja mpaka juu, ukajaa kwenye korido, ukaanza kupenya chini ya milango. Wa ghorofa za chini walishatoka wakikohoa. Bibi na mjukuu wake walikuwa dirisha la nyuma, mikono nje ya nondo zangu.

Mikono tu ndiyo niliyoiona kwanza. Ya bibi yenye bangili, na midogo ya mtoto imeshika nondo kama ya mahabusu.

Zimamoto walikuwa wameshafika. Gari limesimama, mpira umetandazwa, watu wamevaa, na maji hayatoki. Umati ukaanza: "Wanasubiri nini hawa? Wamekuja bila maji, kama kawaida yao!" Na mimi nilipiga kelele hiyo hiyo, nakiri. Kumbe walikuwa wanasubiri umeme ukatwe. Ukimwagia maji mita zinazowaka zikiwa na umeme, unaweza kumuua aliyeshika mpira kabla hujauzima moto. Umeme ukakatwa, maji yakafunguliwa, na hapo ndipo nilipojiona nilivyo: fundi mzima nimesimama na grainda inayokula umeme wa ukutani, mtaa ambao hauna umeme tena.

Nyuma kwa bibi mambo yalikuwa mengine. Gari lenye ngazi ndefu halikuweza kuingia uchochoroni. Kulikuwa na magari mawili yameegeshwa na wenyewe hawajulikani walipo, meza ya muuza viatu, na nyaya zimening'inia chini chini. Wakaja na ngazi ya kuvuta, wanne wameibeba mabegani, wakaiegemeza ukutani. Mmoja akapanda mpaka dirishani, akaishika grili kwa mikono miwili, akaitikisa. Haikucheza hata kidogo. Siku nyingine ningefurahi. Akageuka akaangalia chini, akapaza sauti: "Nani anaijua hii grili?"

Nilikaa kimya kidogo. Si muda mrefu, lakini nilikaa kimya.

"Mimi, afande. Nimeifunga mimi."

"Imeshikwa wapi?"

Kwa fundi, kuulizwa hilo mbele za watu ni kama kuvuliwa shati. Nikamwambia: "Fremu usihangaike nayo, imeingia ukutani inchi nne. Chukua nondo tatu za mwisho, kulia kwako, kwa chini. Hizo zina doti tu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, afande. Sikumalizia."

Hakusema neno. Akaomba mtaimbo. Wenzake walikuwa wameshaleta msumeno wa petroli wa kukatia chuma, akawapungia mkono wauache. Msumeno ule juu ya ngazi, ndani ya moshi, cheche zikiwarukia watu wawili waliobanwa nyuma ya nondo, ni jambo la kufanya ukikosa jingine. Akachomeka ncha ya mtaimbo kati ya nondo na flatibaa, akaegemea. Doti ya kwanza ilipasuka kwa mlio mkavu kama njugu. Ya pili. Akahamia nondo inayofuata. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Sita zilipokwisha, akazishika nondo moja moja kwa chini akazikunja kwenda nje na juu, maana zilibaki zimening'inia kwa kichwa tu. Ukitoa nondo tatu zenye nafasi ya inchi nne unapata upenyo wa inchi 16. Mtoto alipita kama samaki. Bibi alipita kwa ubavu, akilalamika kwamba kanga yake imenasa. Nondo nyingine zote za dirisha lile, zile nilizozichomelea vizuri kwa fahari yangu yote, zilibaki zimesimama hivyo hivyo.

Sasa nirudi kwa wale waliokuwa ndani, kwa sababu umati hauwaoni. Waliingia wawili wawili ngazini na mpira, barakoa usoni na mitungi mgongoni. Baada ya muda ukasikika mlio wa kipenga cha mtungi, wawili wakatoka, wawili wengine wakaingia. Kijana mmoja alikaa ukingoni mwa barabara karibu yangu, akavua barakoa. Uso ulikuwa na mstari: ndani ya mstari ngozi yake, nje ya mstari masizi. Muuza kahawa akampa kikombe, akakataa, akaomba maji. Nikamuuliza kama oksijeni imemwishia. Akacheka. "Siyo oksijeni, fundi. Ni hewa hii hii unayovuta wewe, imeshindiliwa tu. Oksijeni tupu kwenye moto tungekuwa tunatafuta kifo." Akaniambia mtungi wake unahesabiwa nusu saa, lakini ukipanda ngazi na mpira uliojaa maji unahema kama farasi, na unaumaliza mapema zaidi. Kipenga kikilia unatoka, hata kama umebakiza mlango mmoja.

Katikati ya kazi gari moja likawasha injini likaondoka. Watu wakazomea: wamekimbia! Yule kijana akanipigia hesabu kwa vidole. Chukua gari lenye lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, hiyo ni dakika kumi. Mipira miwili, dakika tano. Baada ya hapo ama pana bomba la zimamoto barabarani lenye maji na ambalo hakuna mtu aliyelijengea kibanda juu yake, ama gari linakwenda kujaza kwingine. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyezomewa mara nyingi. Mimi mwenyewe kila siku napita kituo cha zimamoto cha Faya pale Barabara ya Morogoro, na sikuwahi kukaa nikafanya hesabu hiyo. Namba yao, 114, sikuwa nayo kichwani. Pale uchochoroni simu zilizokuwa zinapiga video sikuzihesabu, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshawaita.

Kwa hiyo jibu langu, mhariri, ndilo hilo. Sijutii zile doti sita, ingawa zilikuwa wizi wa mchana kweupe kwa mteja aliyelipa hela kamili. Najutia zile nyingine zote.

Mwaka 2023, mwezi wa nane, jengo la ghorofa tano liliungua Johannesburg, wakafa watu zaidi ya 70, na habari zikasema kulikuwa na mageti ndani yaliyokuwa yamefungwa. Nilisoma kwenye simu, nikamwonyesha msaidizi wangu. Tukatazamana, tukarudi kwenye kazi. Siku hiyo tulikuwa tunachomelea geti la korido.

Sasa hivi sifungi nyumba grili bila kuacha dirisha moja lenye kimlango. Nalipenda la chumba cha kulala. Lina bawaba, linafunguka kwenda nje, komeo liko ndani na nimelifunika kwa kiboksi cha bati ili mkono wa nje usilifikie. Halina ufunguo. Mteja akilazimisha kufuli, nampigilia msumari ukutani, kimo cha mtoto, ufunguo unaning'inia hapo kwa kamba. Maana nimeshaona funguo za grili zinakokaa: kwenye pochi ya mama, na pochi iko Kariakoo.

Wateja wanabisha. Mmoja aliniuliza, "Ghorofa ya tatu nikifungua niruke?" Hapana, mzee wangu, usiruke. Funga mlango wa chumba, ziba chini kwa nguo iliyolowa, kaa dirishani wakuone. Wenye ngazi watakuja. Nachotaka wakifika wasianze kwa kuniuliza mimi grili imeshikwa wapi. Mwingine alisema bei yangu imepanda kwa sababu ya visingizio vya moto, akaenda kwa fundi wa jirani, akafungiwa kama nilivyomfungia bibi. Naiona grili hiyo kila nikipita. Imechomelewa vizuri sana.

Bibi aliporudi nyumbani kwake, baada ya ngazi kusuguliwa na kuta kupakwa rangi, alinipigia simu. Nilikwenda nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi. "Nimesikia ulivyomwambia yule askari," akasema. "Kwa hiyo hela yangu ya nondo tatu ulikula." Nikasema ndiyo, bibi. Akasema basi hii mpya utafunga bure.

Nikafunga bure, yenye kimlango. Nilipomaliza akanitoa chumbani, akamwita mjukuu, akamfunga kitambaa machoni na kumwambia afungue. Mtoto alipapasa ukuta, akakosea, akalipata komeo, kimlango kikafunguka. Nikapiga makofi. Bibi akatikisa kichwa, akafunga komeo tena na kunipa mimi kile kitambaa.

"Sasa wewe," akasema. "Na upige magoti, maana moshi unakaa juu."