Kutoka ulingoni kwenda kufundisha karate

Ndugu yangu, umesema una miaka 32, medali za mkoa za kumite (pambano la karate la watu wawili), goti linalouma, na sasa umeombwa kufundisha watoto. Unaogopa watu watasema umeshindwa. Hujashindwa.

Mtazame Hirokazu Kanazawa, mwanakarate wa Japani. Mwaka 1957 alitwaa ubingwa wa kumite kwenye mashindano ya kwanza ya taifa ya Japan Karate Association, mkono mmoja ukiwa umevunjika. Mwaka uliofuata akashinda kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa, bila mpinzani), na ubingwa wa kumite akagawana na Takayuki Mikami. Angeweza kula sifa hizo maisha yake yote. Badala yake, mwaka 1961 alikwenda Hawaii kufundisha, baadaye Uingereza, na mwaka 1978 akaanzisha shirikisho lake la kimataifa la karate, SKIF. Alifariki mwaka 2019, na duniani kote walimlilia kama mwalimu.

Ila nikuambie ukweli: mwili wako unajua mambo ambayo mdomo wako bado haujui kuyaeleza. Mimi nilipoanza kufundisha, nilimwambia mtoto mmoja "kunja ngumi", akaficha kidole gumba ndani. Angepiga vile, angekivunja. Nikapiga magoti, nikamkunjia vidole kimoja kimoja, gumba likakaa nje, limebana vidole viwili vya kwanza kwa chini. Tulitumia dakika kumi kwa ngumi moja, na mimi nilikuwa nimepanga kufundisha kata nzima!

Kwa hiyo anza kama msaidizi wa mwalimu mzoefu, miezi sita hivi. Na goti hilo lipeleke hospitali wiki hii, kabla hujaonyesha teke lolote.